Nguchiro Aliyefungishwa Kwaresima

Nyumbani kwetu Kamina tulikuwa watatu na nguchiro mmoja. Watatu ni mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitindamimba wetu, msichana wa miaka saba. Baba, mfanyakazi wa reli, alitangulia kufa. Mama akamfuata, nami nikaacha shule nikiwa bado sijajua kugawanya vizuri. Nguchiro tulimwokota nyuma ya ghala la mahindi, macho yamefunguka juzi tu. Alikua akawa mrefu, mwembamba, pua haitulii, na tangu alipoanza kulala ndani, panya hawakugusa tena unga wetu.

Ila samaki! Siku ya treni ya Bukama, jirani yetu mzaliwa wa Kinkondja, kule ziwani, alipopita na beseni la samaki kichwani, nguchiro alinusa kabla sisi hatujamwona. Alizunguka chungu, akasimama kwa miguu miwili, akalia kama kuku mwenye haraka. Nikampa kipande kidogo, nasi tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Ikaja Kwaresima. Katekista akawafundisha watoto kwamba siku ya Ijumaa Mkristo hali nyama. Kitindamimba wetu akarudi nyumbani mbio, akiniita kama wadogo zangu wanavyoniita mimi mkubwa wao.

"Yaya, nguchiro iko ya hii nyumba ao hapana?"

"Iko ya hii nyumba."

"Basi Ijumaa hatakula panya."

"Umubatize kwanza!" kaka yake akamtania.

"Nilishamumwangia mayi jana."

Tulicheka sana, na hapo ndipo nilipokosea, kwa maana yeye hakuwa anacheka.

Ijumaa nilikwenda shambani kuchimba mihogo. Ukutani nilikuwa nimetundika kipande cha makayabo cha Jumapili, yule samaki wa bahari anayekaushwa kwa chumvi akawa mgumu kama ubao. Sisi hatukuwa tukimpika kabla ya kumlowesha kutwa nzima. Mtoto hakuwaza hayo. Alimfunga nguchiro kwenye mguu wa kitanda kwa kitambaa, asiende kuwinda, akampa makayabo makavu.

Niliporudi, alinipokea njiani akiruka. "Yaya! Nguchiro aligeuka, akaitupa ukutani kati ya miguu ya nyuma kama anavyopasua yai! Haikupasuka! Halafu akakula yote! Yeye njo Mukristo muzuri!"

Yote. Kipande cha ukubwa wa kiganja.

Nilitupa kapu la mihogo nikakimbia. Nguchiro alikuwa amekata kitambaa, amelala kando ya mtungi. Alikunywa, akatapika, akanywa tena. Miguu ya nyuma ilitetemeka, na alipotaka kwenda mlangoni alikwenda ukutani. Mtoto alisimama nyuma yangu. Majeneza mawili alikuwa ameyaona yakitoka mlango ule ule.

"Yaya, njo minyi namuua?" akauliza, kama ni yeye aliyemuua.

"Hajakufa," nikamwambia. "Kimbia, muite mama wa samaki."

Jirani akaja na magamba bado mikononi. "Makayabo makavu? Hata muntu mukubwa hawezi!" Akausukuma mtungi mbali. "Mayi, lakini kidogo kidogo. Mukimuachia akunywe yote mara moja, mutamumaliza."

Saa hatukuwa nayo. Nilichovya ncha ya kitambaa majini na kukikamua mdomoni mwake, kisha mtoto akasali Salamu Maria kumi, kisha nikachovya tena. Hivyo ndivyo tulivyopima. Mchana wote ule. Nilimkataza kuharakisha, naye akasali polepole, macho kwenye mbavu zile zinazopanda na kushuka.

"Leo nguchiro amesali kupita padri," kaka yake akasema, amechuchumaa kando yetu.

Jua lilikuwa linashuka nilipochovya kitambaa kwa mara nisiyoijua tena. Nguchiro akakisukuma kwa pua, akanishika kidole, akauma.

"Ameniuma!" nikapiga kelele. "Tazameni damu! Ameniuma!" Nikawazungushia kidole kile kama zawadi. Tuliruka, tukakumbatiana, jirani akapiga vigelegele, na majirani wengine wakaja kuuliza nani ameolewa.

Baadaye jirani alinifundisha. Samaki wa ziwani apikwe bila chumvi wala pilipili. Makayabo alowe siku mbili, maji yabadilishwe mara nyingi, kisha achemshwe. Nyama yake niipapase uzi kwa uzi nisije nikaacha mwiba. Na kipande kiwe kama punje ya haragwe. "Chakula chake ni panya na mayai," alisema. "Samaki njo sukari yake."

Lakini mtoto hakumlisha tena. Nguchiro akimsogelea, alificha mikono mgongoni. Wiki zikapita hivyo, na jambo hilo liliniuma kuliko kidole.

Ijumaa Kuu nilichemsha makayabo baada ya kumlowesha siku mbili. Nikamwekea mtoto punje moja kiganjani, nikamshika mkono asiufiche. Alilamba samaki kwanza yeye mwenyewe.

"Hakuna chumvi," akanong'ona.

Akapapasa. "Hakuna mwiba."

Kisha akanyoosha mkono chini, amefumba macho. Nguchiro akachukua punje, akala, akaanza kulamba kati ya vidole, na mtoto akapiga ukelele wa furaha uliosikika mpaka barabarani.

"Yaya, ingine! Ingine!"

Nguchiro naye akanipanda mpaka begani kuomba. Nikawakatalia wote wawili.