Siku Niliyomfundisha Mama Kiswahili

Harufu ya fimbo mbichi ya mkaratusi bado hunirudisha darasa la kwanza, Kibondo. Mwalimu alituonyesha mti dirishani, nami nikajibu kwa Kiha cha nyumbani: "Igiti." Akanichapa. Tangu siku ile sikufungua mdomo darasani.

Mama aligundua. Jioni moja, tukipukuchua mahindi huku maharage yakichemka, akaniambia, "Mwanangu, hata mimi Kiswahili kinanishinda. Nifundishe."

Nikamwonyesha jembe, mgomba, jiko, nikivitaja kwa Kiswahili. Kila alipokosea aliuliza, "Kumbe husemwaje?" Nami nikarudia polepole, tukicheka hadi maharage yakaiva.

Kesho yake nilikwenda shuleni nikiwa nimeazimia. Mwalimu alipouliza swali nilisimama kabla hajamtaja mtu, nikajibu kwa sauti iliyosikika mpaka darasa la pili.