Sarafu ya Alida

Ukitaka kupimiwa ndagaa wenye mchanga, mtaje Alida mbele ya jirani yangu Émilienne, pale sokoni Baraka. Émilienne hajawahi kumwona Alida mwenyewe. Anachokijua ni sarafu yake tu.

Bertin, mume wa Émilienne, hununua dhahabu kwenye machimbo ya Misisi, na sarafu hiyo ndiyo aliyokuwa akiweka kwenye mizani kama jiwe la kupimia. Ina vichwa viwili, mwanamume na mwanamke. Bertin, mjinga wa watu, alimwambia mkewe ukweli: alipewa na Alida, mchumba wake Mrundi, zamani walipokuwa wakimbizi kambini Tanzania. Mwanamume mwenye akili angesema ameiokota.

Émilienne aliuza ndagaa msimu mzima, akamnunulia mume mizani ya betri. Sasa jiwe la nini? Bertin alishukuru sana, akaichukua sarafu, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku ya kufua, Émilienne aliikuta mfukoni, akaipeleka kwa Eugène, sonara. Eugène aliisugua, akaipima.

"Mama, hii bazungu balitengeneza mu 1960, ukumbusho ya ndoa ya mfalme wa Ubelgiji."

"Ndoa?"

"Ndiyo. Iko feza ya kweli, lakini balichanganya. Ukiuza, utapata bei ya kuku mbili tu."

Ungedhani angepoa. Hapo ndipo wivu ulipomwaka! Ingekuwa na bei kubwa, angesema mume anatunza mali. Lakini nani hutunza kuku wawili kifuani miaka yote hiyo? Bertin alikuwa anatunza ndoa.

"Yeyusha," alisema. "Unitengenezee pete."

"Na Baba Divine?"

"Baba Divine iko bwana yangu."

Jioni Bertin alipapasa mfuko, kisha akaiona pete kidoleni. Émilienne alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, majibu yote yako mdomoni. Bertin aliushika tu mkono ule, akapitisha kidole gumba juu ya pete, polepole.

Tangu hapo kila jioni hukaa nje wameshikana mkono, jambo ambalo Bertin hakuwahi kulifanya. Nilipowaona, roho iliniuma. Wangu hata salamu ananibania. Nikamwambia Émilienne kwamba ana bahati.

Alinitazama, macho yamejaa machozi.

"Haiko mi anashikaka, Mama Merveille. Ni Alida. Jana nilimupa mukono ingine. Akaachilia."