Moto Uliojificha Ndani ya Jua

Mimi moto niliujua kwa mafuta ya taa. Stovu ya mafuta haina siri. Ikiwaka utaisikia puani, ikizimwa itakutoa machozi, na sufuria zako zitakuwa nyeusi hadi uzeeke. Nimelea watoto wangu wote nayo hapa mtaani Lucky Summer. Ikipungukiwa huku maharagwe yanachemka, tulikuwa tunainua sufuria, tunaongeza mafuta, tunaendelea na maneno yetu. Sisemi ilikuwa vizuri. Nasema ndivyo tulivyozoea.

Halafu mke wa kitindamimba wangu akaleta jiko la spiriti. Safi, halina masizi, moto wake wa buluu. Nikakaa nikilitazama kama mgeni ambaye hajasema ametoka wapi. Kopo lake hujazwa kwa mashine pale dukani, jiko likiwa limezimwa na kupoa. Mkamwana aliambiwa hayo alipolinunua. Lakini ploti, yaani nyumba zetu za kupanga za ua mmoja, ina sheria zake. Jirani akiishiwa na chumvi anakuja na kijiko, akiishiwa na mafuta anakuja na chupa. Mama wa mlango wa pili aliomba spiriti, akapewa, na alipoirudisha akaileta kwa chupa ya soda.

Nilimwambia mkamwana kitu cha kupofua watu hakikai kwa chupa ya kinywaji. Sote tumewaona waliokunywa spiriti mbaya wakaanza kupapasa kuta mchana kweupe. Akacheka, akasema nyumba yake haina mlevi. Nikamwambia mgeni mwenye kiu haulizi. Akaiweka juu ya kabati ili ninyamaze.

Jumapili moja akina mama wa kanisa walikuja kumwona mtoto. Kulikuwa na supu ya kichwa cha mbuzi kutoka machinjioni Kiamaiko, na hiyo haitaki haraka. Mkamwana alikuwa anapikia kwenye veranda, mtoto mgongoni, jua la saa saba likiwa limeingia lote. Mimi nilikuwa nafagia maganda ya viazi. Akainua sufuria, akaiweka kando, akachungulia, akasema limezima, mafuta yameisha. Akaingia ndani, akatoka na ile chupa, kifuniko ameshakifungua.

Nami niliangalia, sikuona moto. Lakini nguo zilizoanikwa ng'ambo ya jiko zilikuwa zinacheza kama ziko chini ya maji, na upepo haukuwepo.

"Simama hapo hapo," nikamwambia.

"Mama, si limezima? Angalia."

"Naangalia. Usisogee."

Nikachomoa njiti moja ya ufagio, nikaipitisha juu ya jiko. Ikashika moto papo hapo, mbele ya macho ya kila mtu.

Mkamwana alirudi nyuma, mkono mmoja ukimshika mtoto. Angemimina, moto ungeupanda ule mmiminiko hadi kwenye chupa, na chupa ilikuwa mkononi mwake. Nilimwambia afunge chupa aipeleke mbali, kisha nikalifunika jiko hadi nikawa na hakika limekufa.

Jirani aliyeleta ile chupa ya soda alikuwa hapo kati ya wageni. Akaona aibu, lakini akajaribu kujitetea kwangu mimi bibi wa mtoto.

"Shosho, si hata stovu tulikuwa tunaongeza ikiwaka?"

"Stovu ilikuwa inakutukana kwanza ndiyo ikuchome," nikamjibu. "Hili halina mdomo."

Wakacheka, yeye pia. Mwingine akauliza tutasubiri hadi lini. Nikasema hadi niweze kulishika kwa mkono, na mwenye njaa aanzishe wimbo. Wakaimba, tena vizuri kuliko kule kanisani. Jiko lilipopoa, mkamwana akafungua leso akanipa mtoto, akachukua kopo akaenda dukani kulijaza mwenyewe.

Supu tuliinywa jioni. Nyama ya shavu ilikuwa ngumu kidogo, lakini hakuna aliyebakisha, na mtoto alilala mapajani mwangu akinukia maziwa.