Wifi na Kiungo cha "Sasa"

Miaka tisa, hakuna aliyegusa skripti ya kusakinisha, ile orodha ya amri za kompyuta, ila yeye. Kampuni yao ndogo ilitengeneza programu ya maduka ya dawa, na kila toleo jipya lilipotoka, skripti yake ndiyo iliyolipeleka kwenye mashine za wateja, ikifuta faili za zamani na kunakili mpya mahali pake. Ilichukua nusu saa, mwenye duka akisubiri. Ofisini walimwita Mama Skripti.

Wifi yake, mdogo wa mumewe, alipotafuta kazi, yeye mwenyewe ndiye aliyempigia debe kwa bosi. Wenzao walitania kwamba sasa ofisi ina wifi wawili, wa hewani na wa ukoo. Miezi mitatu tu, yule binti akaja na mtindo wake: kila toleo liwekwe kwenye folda yake, kisha kiungo kimoja, yaani njia ya mkato, kiitwacho "sasa" kielekezwe kwenye folda mpya. Kubadilisha toleo kukawa kufumba na kufumbua.

"Tulikuwa wapi siku zote hizi?" bosi aliuliza, akicheka.

Swali lile lilimchoma. Nyumbani nako mumewe akatia chumvi kwenye kidonda: "Mdogo wangu ana kichwa tangu utotoni." Chakula kikamshinda.

Ijumaa aliipekua skripti ya wifi yake mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta chawa. Akampata chawa wake. Mara ya kwanza kiungo kilikaa sawa. Mara ya pili, kwa kuwa "sasa" tayari kipo, skripti isingekibadilisha. Ingepita ndani yake na kutumbukiza kiungo kipya kwenye folda ya zamani. Mashine ingesema tayari, huku ikiendesha toleo lile lile. Tiba yake ilikuwa kuongeza herufi moja kwenye amri. Akafunga kompyuta, akaenda zake bila kumwambia mtu.

Jumanne toleo la pili kwa mtindo ule likatoka, na duka la kwanza likapiga simu: mbona hakuna kilichobadilika? Binti alihangaika asubuhi nzima, kisha akaja akivuta kiti chake.

"Wifi, hebu nitazamie. Nimekwama."

Mama Skripti akaongeza herufi ile. Dakika haikuisha.

Binti akamtazama. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu Ijumaa."

Bosi alipopita kuuliza, binti alisema tu, "Wifi amenikwamua," akarudi mezani kwake kutuma upya.

Bosi akammwagia Mama Skripti sifa. Hazikumwingia. Alikuwa akimtazama yule aliyeinamia kazi, akimwonea wivu hata kwa hilo: kwamba angeweza kumchongea, na hakumchongea.