Tafadhali ya Mama

Mwanangu, siku ninayoikumbuka mimi ni asubuhi moja ya miaka ya tisini, kando ya barabara ya Khuwair, hapa Maskati, na nilikuwa siwezi kusimama pahala pamoja. Mara natazama saa, mara nakung'uta vumbi viatuni. Marehemu mama yangu alikuwa ubavuni mwangu, barua ameitia kwenye mkoba, katulia tuli.

Sultani wetu wa wakati ule, Mungu amrehemu, alikuwa na ada yake. Kila mwaka aliondoka Maskati akapiga mahema huko bara, akae na raia asikilize haja zao. Ukubwa jaa, wahenga walisema, na yeye aliukubali. Njiani watu walimsubiri na barua. Yetu ilimhusu mama mdogo, aliyebaki Unguja peke yake. Macho yake yalikuwa yanafifia, na kibali chake cha kuja kukaa nasi kilikuwa hakijatoka. Alitaka kumwona dada yake kabla giza halijamfunga.

Mama alizaliwa Unguja, na Kiarabu chake kilikuwa cha msahafu tu. Mimi nilisoma katika skuli ambazo Sultani huyo huyo aliwafungulia wasichana, Kiarabu kimenyooka, kazi nnayo ofisini. Nilikuwa najiona, sikufichi.

Msafara ukapunguza mwendo, afisa mmoja akashuka kukusanya barua. Alipofika mbele yetu, mama alikuwa bado anahangaika na zipu ya mkoba. Akainua mkono kumwomba asubiri.

"Tafadhali, baba," alimwambia. "Tafadhali."

Kwetu neno hilo ni la mwombaji. Kwa Waarabu ni la mwenye kukaribisha: haya, pita. Basi afisa akamshukuru kwa adabu, akapita. Mama akamfuata, tafadhali, tafadhali, na kila akisema ndivyo kijana wa watu alivyozidi kwenda. Watu wakacheka.

Neno moja tu la Kiarabu lingemsimamisha, na nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nyuma yetu walisimama wenzangu wawili wa ofisini, na sikutaka wajue yule mama ni wangu. Nikatazama viatu vyangu. Gari zikaondoka, na barua imo mkobani.

Tulipokaribia nyumbani, Ghubra, mama akanigeukia.

"Sultani kaacha kasri lake akakae hemani, apate kuwasikia watu asowajua," alisema. "Na wewe, mwanangu wa kumzaa, umeona haya kunisemea neno moja."

Mpaka leo nikipita Khuwair situlii kitini.

Mwaka uliofuata barua niliishika mwenyewe na nikaisemea mwenyewe. Ikapokelewa, ikajibiwa, mama mdogo akaja. Pale uwanja wa ndege alisimama akampapasa mama uso kwa viganja, paji, mashavu, mpaka kidevu.

"Umenenepa, dada," alisema.

Macho yalikuwa yameshakwenda. Mwaka ule mmoja ndio uliomalizana nayo. Mama hakugeuka kunitazama, na angenitazama ingekuwa nafuu kwangu. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu nimemlea hadi uzeeni.

Basi shika hili. Mzazi wako akikwama neno mbele za watu, mkwamue hapo hapo, wacheke watakaocheka. Wengine watakuhesabia barabara na hospitali alizotuachia Sultani yule, na ni kweli tupu. Mimi nililolichukua kwake ni hilo alilolisema mama, kwamba mkubwa hutoka kwake akenda kusikiliza. Elimu uliyopewa isikufanye bubu kwa watu wako.

Mungu akupe sikio lisilochoka na ulimi usioona haya kwa wakwenu, na wanaokungoja akufikishe kwao wangali na macho ya kukuona. Amin.