Mama yangu alizaa akiwa na miaka 43 Makambako, wakamwita mkosi. Hasira bado ninayo

Kamwene wakuu. Msioijua salamu yetu ya Njombe, pokeeni tu, ni ya heri.

Ninachoandika nilikiona kwa macho yangu. Anayetaka kuita chai, yaani uongo, aite, mimi sina cha kupata hapa.

Ni miaka ya tisini, biashara zimeachiwa huru, Makambako imejaa mitumba na wageni wa kila mkoa. Mama alikuwa na meza ya nguo karibu na stendi. Nyumbani Mahongole, baba analima mahindi. Mimi nipo sekondari, najijua ndiye kitinda mimba.

Mama akashika mimba.

Kliniki, nesi akamuuliza mbele ya foleni kama amemsindikiza binti yake. Watu wakacheka. Wakampima uzito, wakapapasa tumbo, wakampa vidonge vya damu, basi.

Hakuna aliyemwambia kwamba kwa umri ule uwezekano wa kupata mtoto mwenye Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili, unapanda. Kuucheka umri wake waliweza. Kumweleza umri huo una maana gani, wakashindwa.

Akazaliwa Tumaini. Mwili umelegea, macho yamepanda pembeni, kunyonya kwa shida.

Baba mkubwa akaitisha kikao cha ukoo. Akasema mkosi umeingia kupitia mama, arudishwe kwao Wanging'ombe na mtoto wake. Baba akabaki anatazama viatu vyake. Siku ile nilimchukia, siwafichi. Mama hakuondoka.

Halafu kuna bwana mmoja wa zahanati. Enzi zile zahanati za private zilikuwa zinafunguliwa kila mtaa, ukivaa koti jeupe wewe ni daktari. Akamwambia mama ana sindano za kuamsha ubongo. Mtoto akachomwa mapaja mpaka yakavimba.

Ndipo mama akampeleka hospitali Njombe, nikamsindikiza. Tukampata daktari mmoja mama mtu mzima. Akatueleza taratibu kwamba mtoto ana kromosomu moja ya ziada, imetokea tangu mimba inatungwa, hakuna aliyekosa. Umri wa mama huongeza uwezekano, lakini umri si dhambi.

Mama akauliza, "Mbona sikuambiwa nikiwa na mimba?"

Daktari akasema vipimo vipo nchi za wenzetu, huku kwetu havijafika. Na hata vingekuwepo visingembadilisha mtoto, vingempa mama habari tu. Akamuuliza angeifanyia nini habari hiyo.

"Ningejiandaa," mama akasema. "Nisingekubali achomwe zile sindano."

Tuliporudi, baba mkubwa akasema hayo ni maneno ya vitabuni.

Haukupita muda mrefu, mama mdogo, mke wa baba mdogo, akajifungua. Binti wa miaka ishirini na kitu. Mtoto hali ileile ya Tumaini.

Kikao tena. Safari hii baba mkubwa akasema ni mapenzi ya Mungu, tumpokee mtoto.

Mama akasimama na Tumaini mgongoni. "Shemeji, kwangu ilikuwa mkosi. Kwa huyu imekuwa Mungu. Mungu huyo alikuwa wapi nilipojifungua mimi?"

Baba akainuka, akaenda kusimama karibu naye. Alichelewa, lakini alisimama.

Mama ndiye aliyempeleka mama mdogo Njombe kwa yule daktari. Akaambiwa kwamba kwa kila msichana mmoja mmoja uwezekano ni mdogo, ila wasichana ndio wanaozaa sana, kwa hiyo watoto hawa wengi mama zao ni vijana. Sikuwahi kulisikia popote kabla ya hapo.

Mtoto wa mama mdogo moyo wake ulikuwa na tatizo, alifariki kabla hajaanza kutembea. Tumaini ni mtu mzima, yupo Mahongole, anafuga kuku na anawajua mmoja mmoja. Baba mkubwa alikufa hajaomba msamaha.

Nilichojifunza: screening, yaani kumpima mtoto akiwa bado tumboni, haizuii mtoto kuwa alivyo. Inampa mama habari, na habari ni haki yake, aamue na ajiandae mwenyewe. Akikosa habari, wajinga na matapeli wanamletea ya kwao.

Mliopimwa miaka hii, kuna mtu alikaa chini akawaeleza, au mlipewa majibu mkaondoka? Semeni hapa.

Na kama humu yupo nesi anayechekesha foleni kwa wajawazito wa miaka arobaini, ajitokeze. Namsubiri.