Kuku Waliozoea Kaski

Siku yangu ya kwanza shambani nilifika nimevaa kaski, ile kofia ngumu ya mgodini, na kombinezo, yaani ovaroli, la buluu lenye mistari ya kung'aa. Mama Shefu, ndivyo tulivyomwita msimamizi wa shamba, alinitazama toka juu hadi chini, kisha akainua macho kwenye paa.

"Tata Kabeya, huku kwetu mawe inaangukaka?"

Wenzangu walicheka. Nami nilicheka, lakini kofia sikuivua.

Nilikuwa nimefanya kibarua cha shaba kule mgodi wa Mutoshi, na ni wakati huo nilipomposa Ngalula, binti wa mzee mmoja wa mtaa wetu wa Kapata aliyestaafu mgodini. Mzee alinikubali kwa ajili ya ile kofia, na alilisema hilo mbele ya ndugu zake wote: "Muntu wa mine, njo muntu," yaani mtu wa mgodini ndiye mtu. Harusi haijafika, vibarua tukapunguzwa. Nafasi niliyoipata ilikuwa kwenye shamba la kuku, kandokando ya njia ile ile ya Mutoshi. Kulea vifaranga! Kapata ya wakati ule, mwanamume akiulizwa kazi akajibu vifaranga, angechekwa mpaka kanisani. Sikumwambia mtu. Tukaoana, na kila asubuhi nilimuaga mke wangu nimevaa kaski, nikapanda taxi-moto, ile pikipiki ya abiria, nikashuka kwenye geti la shamba. Na kwa kuwa barabara ilipita karibu na jirani yeyote angeweza kuchungulia, nilishinda na kaski kichwani, hata ndani ya mabanda.

Walinianzishia pusinyeri, chumba cha kulelea vifaranga. Vifaranga walifika kutoka Lubumbashi ndani ya makatoni, wakilia wote kwa pamoja. Chini tulimwaga maranda ya mbao, katikati tukaweka babula, yaani jiko la makaa, na kando tukazungusha makadibodi kama duara. Duara, siyo pembe nne. Kuku akiogopa hukimbilia kona, wenzake wakamrundikia, na wa chini hakosi kufa kwa kukosa pumzi. Likumbukeni hilo ninyi mnaojenga mabanda leo.

Shamba letu lilisifika eneo lote la Manika kwa kuku watulivu, wale ambao mama wa nyumba anawaokota uani jioni bila kukimbizana nao. Kazi ya kuwatuliza ilikuwa yangu, na kwa kundi langu hakuingia mtu mwingine. Mama Shefu alinifundisha kwa maneno machache.

"Usisimame juu yabo. Kitu yenye kutoka juu, kwa bo iko mwewe. Ikala chini."

Basi unagonga mlango kwanza. Unasema lolote, ili wakusikie kabla ya kukuona. Unakaa kwenye maranda, unatandaza kiganja chini na mchwa wachache juu yake, na hukamati. Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu, kwa haraka yao ya kushika. Wewe ngoja. Mmoja mwenye kiherehere atadonoa na kukimbia, kisha atarudi, na wa pili atamwonea wivu. Mwisho watakulalia mapajani, mguu unakufa ganzi na hutaki kuusogeza.

Niliipenda kazi ile. Naona haya kuandika kwamba niliipenda kutwa, na jioni nikaikana nyumbani kwangu.

Kundi langu la kwanza lilipokua, nilihamishwa nalo hadi banda la mitetea, kuku majike ambao hawajaanza kutaga. Ndani yake kulikuwa na mtetea mwekundu mmoja, kidole kimepinda, ambaye hakukubali kula ila kwenye kiganja changu. Ikafika siku ya kuuza. Akina mama walikuja na vitenge vyao vya kila rangi, na nyuma yao, kofia yake ya nguo mkononi, akaja baba mkwe wangu. Alikuwa amesikia habari za kuku watulivu.

"Kabeya? Huku unafanya nini?"

Sijajibu, Mama Shefu akafungua mlango na wageni wakaingia. Sijawahi kusikia tena kelele kama ile. Banda zima lilijitupa kwenye kona moja, kuku juu ya kuku. Tuliwavuta kwa mikono miwili, mmoja mmoja, lakini wa chini walikuwa wamekwisha kufa.

Mama Shefu alinigeukia akihema.

"Hii kuku haijue muntu. Inajua kaski tu. Vua!"

Nikavua. Nikakaa chini, nikatandaza kiganja, nikasema maneno yangu ya kila siku. Waliobaki wakarudi nyuma. Hata mwekundu wangu alinikimbia. Tangu atoke kwenye katoni hakuwahi kukiona kichwa changu.

Mzee aliiokota kaski kwenye maranda na kuivaa, nadhani kwa mazoea tu ya miaka yake. Mwekundu akamwendea moja kwa moja, akamdonoa kiatu. Mzee alitaka kucheka. Halafu akanitazama, akalitazama kombinezo langu lililojaa manyoya, na uso wake ukabadilika.

"Kumbe binti yangu nilimuozeshaka kofia."

Aliivua, akaiweka chini taratibu, akaondoka bila kununua kuku.

Jioni hiyo nilipita Kapata kichwa wazi, jua halijazama, nikinuka kuku. Ngalula alikuwa akianua nguo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kukunja.

"Nilijua tangu nguo ya kwanza nilifuaka. Mu mufuko mulikuwa manyoya. Mine haina manyoya."

"Mbona haukusema?"

"Ningesema, ungekimbia. Nilikuwa nangojea ukuye kuniambia weye mwenyewe."

Nilikosa pa kuuweka uso. Kazi ile ile niliyojivunia kimoyomoyo kule bandani, yeye alikuwa akinifanyia mimi nyumbani, na kwa subira kunishinda.

Kundi lililofuata nilililea kichwa wazi, na nikawaita majirani waje kuketi kwenye maranda, wenye vitenge, wenye miwani, wenye kofia za jua, ili vifaranga wajue kwamba mtu ana sura nyingi. Mzee alirudi, akanunua mitetea, akala mayai yake mpaka alipofariki. Neno la kaski hakulirudia, na ningependa angelirudia, walau anitukane.

Sasa nimestaafu, na mngedhani haya imekwisha. Juzi nilikwenda na Ngalula kwenye ofisi moja hapa Manika. Kijana wa mezani akaniuliza kwa heshima, "Tata, mulitumikaka kazi gani?" Nilifungua mdomo, na neno lililokuja mbele lilikuwa Mutoshi. Nikalimeza. Nikamtazama mke wangu anisaidie. Hakunisaidia. Alikaa pembeni yangu, mikono mapajani, akingoja, mpaka nikasema, "Kulea vifaranga."